Kebo ya Kijivu, Mafundo Matatu

Wiki iliyopita nilirudisha koti langu la kazi, lile la buluu lenye mifuko minne, na ninyi mnaobaki katika atelie, karakana yetu, mkaniomba niandike habari za miaka yangu. Mlisema, "Papa Kasongo, andika mbele usahau," yaani kabla sijasahau. Naandika basi, ingawa mtaona huko mbele kwamba neno hilo la kusahau lina uzito kwangu kuliko mlivyodhani. Sitaeleza nani alipanda cheo. Kwetu hakukuwa na vyeo. Kulikuwa na viti viwili, na kimoja kilikuwa kibovu.

Kazi yetu mnaijua, lakini huenda karatasi hizi zitasomwa na mtu mwingine, kwa hiyo naieleza kwa ufupi. Tunakusanya bure vifaa vya kompyuta vya zamani ambavyo ofisi, shule na nyumba za watu zinataka kuviondoa: kibodi, ambazo sisi tunaziita klavie, panya wa mezani tunaowaita suri, skrini, printa, mashine za kusoma diski na kaseti, na kebo za kila namna. Tunavitengeneza, kisha tunavipeleka katika shule na zahanati za mtaa wetu wa Katuba ambazo vipya hazitaviona.

Siku yangu ya kwanza nilisukuma pus-pus, mkokoteni wetu, kutoka Katuba mpaka Golf, mtaa wa wenye nazo. Nilikuwa na diploma yangu ya sekondari, suruali iliyopigwa pasi, na mawazo makubwa juu ya elektroniki. Papa Banza alitembea pembeni bila kushika kitu, mikono mgongoni. Alikuwa mtu wa Kabalo, kaskazini, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, na alikuwa fundi wa simu za reli mpaka simu zile ziliponyamaza. Yeye ndiye aliyeanzisha atelie, katika chumba ambacho shemeji yake alikuwa akifugia bata.

Tulifika kwenye villa moja yenye ukuta mrefu. Mlinzi aliitazama pus-pus yetu kabla ya kututazama sisi.

"Bintu bya kutupa biko kule nyuma," alisema. "Chukueni mbio, muende."

"Hatukuje kuchukua bya kutupa," Papa Banza akajibu. "Tulikuya kuonana na mwenyewe."

"Mwenye takataka?"

"Njo yeye. Mwambie tuko hapa, tunamungoya."

Mlinzi alicheka, lakini alienda. Akatoka mama mmoja mwenye kitambaa kichwani, ameshika miwani mkononi. Alisema ni bure, tuchukue tu, hataki kitu. Papa Banza alimshukuru, akavua kofia, akauliza maswali yake matatu, ambayo nimeyauliza mimi pia maisha yangu yote: nani alikuwa akikitumia, kazi yake ya mwisho ilikuwa ipi, na kwa nini mliacha kukitumia.

Niliona haya. Nilidhani tutafukuzwa. Kumbe yule mama aliketi kwenye ngazi na kuanza kusimulia. Printa ilikuwa ya mume wake. Kazi ya mwisho ilikuwa orodha ya wageni wa harusi ya binti yao, na iliachwa kwa sababu ilianza kula karatasi upande wa kushoto. Alipofika hapo alikumbuka kwamba chini ya kitanda kuna katoni yenye kebo, kitabu cha maelezo, na utepe wa wino ambao haujafunguliwa. Akamtuma mlinzi akavilete. Mlinzi hakucheka tena.

Njiani Papa Banza aliniambia, "Umeona? Kama tungelichukua mbio vile ule sentineli alitaka, tungelirudia na printa ya kula karatasi na hatuna utepe."

Huo ndio ulikuwa mtaala wangu wote wa mwaka wa kwanza.

Yaliyofuata mengi mnayajua, lakini nataka myajue yalivyotoka kwake. Ni yeye aliyetufundisha kung'oa herufi za kibodi moja moja, kuzichemsha katika maji ya sabuni, na kuzianika kwenye mkeka kwa mpangilio wake, ili upepo ukizichanganya ujue kwamba ulizembea. Udongo mwekundu wa Katuba unaingia kila mahali. Nimetoa katika kibodi moja udongo wa kutosha kupandia nyanya. Ni yeye aliyefufua tepe za printa kwa wino wa muhuri uliochanganywa na tone la mafuta ya cherehani, tone moja, kwa sababu ukitia mawili karatasi inatoka kama imefungia samaki. Suri za zamani zilikuwa na mpira tumboni, na ndani kuna vijiti viwili vinavyozunguka. Vikishika uchafu, suri inaruka ruka. Wengine walizitupa. Papa Banza alichukua njiti ya kibiriti, akaichonga kama patasi, akakwangua, na kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

Skrini za zamani, zile zenye kisogo kirefu, alizishika kama mtu anavyomshika mbwa asiyemjua. Alinifundisha kuzitoa umeme uliobaki ndani kwa bisibisi iliyofungwa waya, mkono mmoja ukiwa mfukoni. Siku moja niliusahau ule mkono wa mfukoni. Nilijikuta upande wa pili wa chumba, nimekalia kile kiti kibovu, ambacho siku hiyo kilivunjika kabisa. Papa Banza aliniletea maji. "Sasa umefunda," alisema, maana yake nimejifunza, na hakurudia kunieleza jambo hilo tena.

Kulikuwa na sheria mbili ambazo hakuzilegeza kwa mtu yeyote.

Ya kwanza ilikuwa kadi. Kila kitu kilichoingia bure kilifungiwa kipande cha katoni kwa waya mwembamba, na juu yake tuliandika kimetoka kwa nani, majibu ya maswali matatu, na kila kitu kilichokuja pamoja nacho, hata mfuko.

Ya pili ilikuwa sanduku la zisizojulikana. Humo ziliwekwa kebo ambazo hatukujua ni za nini. Hakuna aliyeruhusiwa kukata kebo ya sanduku lile kabla haijapitiwa na mvua moja na kiangazi kimoja. Kama majira yote mawili yamepita na hakuna kitu kilichoiulizia, basi unaweza kuikata. Nilipomuuliza kwa nini muda mrefu namna hiyo, alisema kwamba kwenye reli aliona watu wakitupa leo kile walichokuja kukitafuta mwezi uliofuata, na kwamba watu wa ofisini husafisha makabati yao mara moja kwa mwaka, kwa hiyo mashine na kebo yake zinaweza kutufikia zikiwa zimeachana kwa miezi mingi.

Sasa nafika kwa Masere Godeliva.

Alikuwa sista mzee, mwembamba, aliyekuwa karani wa shule moja ya wauguzi. Shule ilifungwa, na akaambiwa aondoe vitu vya ofisi. Alituma ujumbe, nasi tukaenda na pus-pus mara tatu. Katika miaka yangu yote sikuona vitu vilivyotolewa namna ile. Wengine hututupia printa pamoja na mende wake. Yeye alikuwa amevifuta, amevifunga kimoja kimoja, na kuandika juu yake kwa mkono wa shule za zamani, herufi zimelala upande mmoja kama majani ya mto. Hata kabla hatujamuuliza maswali yetu, majibu yalikuwa yamebandikwa.

Mwishoni alileta sanduku la chuma la ukubwa wa mkate mkubwa. Ilikuwa mashine ya kusomea kaseti za kompyuta, mahali ambapo ofisi ilihifadhi nakala za kila kitu. Kaseti zenyewe, kumi na mbili, alisema atabaki nazo nyumbani kwa masista, kule upande wa Karavia, kwa sababu zina majina ya watu. Kebo ya sanduku ilikuwa nene, ya kijivu, imeviringishwa ndani ya foronya ya buluu iliyofungwa kwa uzi.

"Hii kable iko ya hii kintu tu," aliniambia. "Hamutapata ingine. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Masere."

Niliandika kadi kwa mkono wangu mwenyewe. Niliandika hata mafundo ya uzi. Papa Banza alikuwa ametufundisha hivyo, nami nilikuwa mwanafunzi mzuri mbele ya watu.

Foronya ilipofika atelie niliifungua kuangalia, sikuirudishia uzi, na mtu mmoja akaichukua kufutia meza. Kebo ikabaki uchi kwenye rafu, kisha nikaitupia katika sanduku la zisizojulikana, ingawa yenyewe ilijulikana. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, dogo, la uvivu.

La pili lilikuja kiangazi kile kile, kabla mvua haijaipitia kebo ile. Papa Banza alikwenda Kabalo kwa matanga ya dada yake, nami nikabaki mkubwa wa atelie kwa wiki tatu. Risasi ya kulehemu ilikwisha. Bila risasi hakuna kazi, na nilitaka arudi akute rafu imejaa vitu vilivyopona, aone kwamba anaweza kuniachia mahali. Jirani mmoja aliyekuwa akinunua vyuma chakavu alikuwa na risasi nzuri, roli nzima, naye alikubali kubadilishana kwa shaba.

Lazima mnielewe hapa, bila kunisamehe haraka. Baba yangu alifanya kazi kwenye tanuru za shaba, na baba yake kabla yake. Katika mji huu tunajua rangi ya shaba kabla ya kujua rangi za bendera. Mwonyeshe mtu wa kwingine kebo, atauliza inaunganisha nini na nini. Sisi tunaipima mkononi. Niliingiza mkono katika lile sanduku, nikavuta ile iliyokuwa nzito kuliko zote, na mkono wangu ukafurahi kabla kichwa hakijauliza swali.

Nilikata vichwa vyake viwili, vile vya kuchomekea, kwa koleo langu, nikavitupa katika kopo la vichwa, kwa sababu vichwa haviungui vizuri. Kebo yenyewe nikaichoma nyuma ya nyumba katika pipa, pamoja na nyingine nne. Moshi ulikuwa mweusi, na mama wa jirani akapiga kelele juu ya nguo zake alizoanika. Roli ya risasi niliipata. Papa Banza aliporudi aliisifu rafu yangu. Kichwa kimoja, kile chembamba chenye sindano ishirini na tano, nilimpa baadaye mtu aliyekuja kutengeneza printa yake. Kile kipana cha hamsini hakuna aliyekihitaji.

Ikapita miaka minne.

Asubuhi moja aliingia Mama Kalumba. Wengi wenu mlimwona kabla ya kuona mtu mwingine yeyote, kwa sababu alikuwa mkunga wa wodi ya wazazi ya hapo karibu. Alikaa kwenye kiti kizima bila kukaribishwa.

"Papa Banza, banataka kunitosha ku kazi," alisema, maana yake kumfukuza.

"Nani banataka?"

"Bale ba kuangalia bakaratasi. Nyumba yetu iliungua, diploma ikaungua. Shule ilifungwa, vitabu byake mchwa ilikula. Sasa mwenye hana karatasi mbele ya mwisho wa mwezi, banamutosha ku wodi." Akanitazama. "Miye njo nilizalisha nusu ya avenue yenu. Ule mutoto wako wa tatu alikuya na miguu mbele. Siku ile hakuna mwenye aliniuliza diploma, Papa Kasongo."

Ilikuwa kweli. Mtoto yule sasa ana watoto wake.

Alikuwa amekwenda kwa Masere Godeliva kwanza, na Masere alimwambia kwamba matokeo ya miaka yote yako katika zile kaseti, na mashine ya kuzisomea iko kwetu. Alikuwa na siku ishirini na mbili mkononi.

Papa Banza aliniambia nishushe sanduku la chuma. Kadi yangu ilikuwa bado imefungwa juu yake, imefunikwa na vumbi. Niliisoma pale pale kwenye ngazi, mgongo wangu ukiwa kwao. Kisha nilifungua waya, nikaitia kadi mfukoni.

Kesho yake Masere alikuja mwenyewe na kaseti kumi na mbili katika kikapu. Alitazama sanduku, akatazama meza.

"Na kable yake?"

Papa Banza alinigeukia. Naandika maneno yangu kama nilivyoyasema, kwa sababu nimeyasikia kila siku tangu hapo.

"Masere, ilikuya bila kable."

"Apana. Nilifunga miye mwenyewe. Mu foronya."

"Haikukuwako, Masere. Pengine ilibakia kule ku shule."

Aliweka mkono juu ya kikapu. Nilimwona akitafuta ndani ya kichwa chake, anafungua kabati baada ya kabati. Kisha uso wake ukalegea.

"Basi njo vile," akasema. "Kama nasahau ile, nasahau na bingine."

Hakukasirika. Angekasirika ningeweza kubishana naye.

Papa Banza alichukua kopo la vichwa, akalimwaga juu ya gazeti, akapekua kwa kidole mpaka akapata kichwa kipana, na nyuma yake kipande cha kebo ya kijivu cha urefu wa vidole viwili. Koleo langu lina pengo kwenye meno, na kila kitu ninachokata kinabaki na alama kama ya jino lililovunjika. Alikiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Kasongo, hii kichwa iko na sindano ngapi?"

"Hamsini, Papa."

"Na ile sanduku, tundu zake?"

"Hamsini."

Akachukua mswaki na mafuta ya taa, akaanza kukisafisha. Masere alikuwa amekwisha kutoka, kikapu cha kaseti amekiacha mezani.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nibaki katika kazi hii mpaka koti lilipochakaa mwilini. Kichwa kimoja tulikuwa nacho, cha pili tukakitoa kwenye kebo ya printa, lakini upande wa kompyuta ulikuwa na tundu ishirini na tano, na hatukuwa na karatasi ya kutuonyesha waya gani unaenda wapi. Papa Banza hakujua Kiingereza, na Kifaransa chake kilikuwa cha reli. Alichukua balbu ya tochi, betri moja na waya mbili. Akafungua sanduku la kaseti, akafungua na kompyuta ya zamani tuliyokuwa nayo. Ndani ya kila moja akatafuta chipu inayopokea kebo, yule mdudu mweusi mwenye miguu mingi. Nambari zilizoandikwa mgongoni mwao zilikuwa karibu sawa.

"Ona," alisema. "Bako ndugu. Mguu wa huyu unasema na mguu wa ule. Sisi tunafwata barabara tu."

Basi tukafuata barabara. Yeye aligusa mguu, mimi niligusa tundu, balbu ikiwaka niliandika. Kwanza tulitafuta tundu zote zinazoishia kwenye bati la sanduku, zisizobeba ujumbe, tukaziondoa katika hesabu, na kazi ikapungua nusu. Zilizobaki tulizifuata moja moja, siku kumi na moja, na kila jioni aliyarudia ya asubuhi ili kuona kama tumekosea. Tulikosea mara tatu. Mara zote tatu nilikuwa mimi, mawazo yangu yakiwa kwingine.

Waya zilipokwisha kulehemiwa, sanduku likawaka lakini kaseti haikuzunguka. Ndani, gurudumu dogo la mpira lilikuwa limeyeyuka likawa kama lami. Mama Kalumba, ambaye alikuja kila siku baada ya zamu yake kutuuliza tumefika wapi, alilitazama akaenda zake. Alirudi na kipande cha bomba la mpira la hospitali.

"Jipya," alisema. "Musiniangalie vile. Lilikatwa vibaya, lilikuwa la kutupa."

Papa Banza alilikata kwa wembe kwa upana wa ukucha, akalivalisha kwenye mhimili, akalichonga kwa msasa huku likizunguka. Lilikaa kana kwamba lilizaliwa humo.

Jaribio la kwanza umeme ulishuka katikati, kwa sababu vinu vya unga vya mtaa vilikuwa vinafanya kazi na kila kinapowashwa kimoja taa zetu huinama. Papa Banza akasema tungoje Jumapili, vinu vikiwa vimenyamaza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikosa misa.

Kaseti nane hazikuwa na mwaka wa masomo ya Mama Kalumba. Kwenye ya tisa, majina yalianza kupanda kwenye skrini kwa rangi ya chungwa, na Mama Kalumba akaweka kidole juu ya kioo.

"Huyu njo miye."

Kando ya jina lake palikuwa na neno *distinction*, yaani alama za juu.

"Munaona? Distinction. Na bwana wangu alikataa miaka yote."

Tulichapa orodha kwa printa ya tepe, ile ya tone moja la mafuta. Ilikuwa safi. Zilibaki siku tano. Lakini wale wa karatasi walikuwa wamesema wazi kwamba orodha ya mashine haitoshi. Karani aliyeiandika lazima aweke sahihi kwamba ni yake na ni ya kweli. Mchana huo huo tulikwenda wote watatu kwa masista.

Masere Godeliva alitupokea barazani. Alisoma orodha ukurasa kwa ukurasa, akatabasamu kwenye majina fulani. Kisha akairudisha mezani.

"Siwezi kuweka sinyatiri," alisema.

"Masere, lakini ni weye uliandika," Mama Kalumba akasema.

"Nafikiri ni miye. Na kable nilifikiri niliitoa. Kuapa ku kintu yenye mutu hajue kama anakumbuka, ni zambi. Funguo za sakristia ya kanisa, zenye nilikuwa nachunga, nilisharudisha wiki ile ingine. Kichwa yangu haishike tena." Akamgeukia Mama Kalumba, akamshika mkono. "Unisamehe, mwanangu."

Mama Kalumba hakulia. Alianza kuzikunja zile karatasi, taratibu, pembe kwa pembe, kama anavyokunja shuka la kitanda kilichoachwa. Papa Banza alikuwa anatazama bustani. Alikuwa anajua, nami nilijua kwamba anajua, na hakugeuka kunisaidia.

Kadi ilikuwa katika pochi yangu. Sijui kwa nini sikuitupa. Nadhani ni kwa sababu mtu aliyefundishwa kutotupa hawezi kuchagua cha kutupa. Niliitoa, lakini sikuifungua.

"Masere, uliileta kable," nilisema. "Nilikata miye. Nilichoma, sababu ya shaba. Kiisha nilikudanganya."

Masere alinitazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Nilifunga mu foronya?"

"Ndiyo, Masere."

"Foronya ya rangi gani?"

"Usiniambie miye niseme. Useme weye, niangalie hapa."

Alifumba macho. "Buluu," alisema. "Na uzi mweupe. Nilifunga mafundo matatu, sababu la kwanza lilikuwa linafunguka."

Nikafungua kadi, nikaiweka mbele yake mezani. Mwandiko wangu, miaka minne nyuma: *Mashine ya kusoma kaseti. Imetoka kwa Masere Godeliva. Inafanya kazi. Kebo moja nene ya kijivu, ndani ya foronya ya buluu, uzi mweupe, mafundo matatu.*

Aliisoma mara mbili. Kisha akanyoosha mkono kwa Papa Banza, aombe kalamu, akaziweka sawa karatasi ambazo Mama Kalumba alikuwa amezikunja, na akatia sahihi ukurasa kwa ukurasa, herufi zimelala upande mmoja.

Mama Kalumba alibaki katika wodi yake mpaka alipostaafu. Hakuniambia neno kwa miezi kadhaa, kisha siku moja akanisalimia kwa kuuliza habari za yule wa miguu mbele, nikajua tumemaliza. Papa Banza aliitundika kebo yetu ukutani, pale mlipoizoea, na aliniambia maneno haya tu: "Miye nilikuwa naweza kusema siku ile ya kwanza. Lakini haingekuwa weye mwenye kusema." Alifariki akiwa bado na njiti ya kibiriti iliyochongwa katika mfuko wa koti.

Kwa Masere nilirudi mara nyingi. Nilimwomba azidai funguo zake. Alisema sista aliyepewa amekwisha kuzizoea, na si vizuri kumnyang'anya mtu kitu anachokifanya vizuri. Hakunirudishia kosa langu hata mara moja. Lakini hakushika tena funguo zile, na hilo siwezi kulitengeneza kwa balbu na betri. Mtu aliyekumbuka mpaka mafundo ya uzi, niliondoa imani yake katika kichwa chake kwa ajili ya roli ya risasi ambayo nadhani iliisha kabla ya Noeli.

Kadi sasa nimeifunga kwenye ile kebo ya ukutani, kwa waya wake. Msiiondoe.

Na jambo moja la kazi. Katika sanduku la zisizojulikana kuna kebo nyeusi, fupi, yenye kichwa cha mviringo na sindano tisa, imetoka katika nyumba moja ya Golf. Niliuliza maswali yote matatu, na yule bwana hakujua. Iliingia mwezi wa sita, kwenye baridi. Ni nzito, mtaisikia mkononi. Mvua bado haijaanza.